Nilimwacha Afukuzwe kwa Mbio Nilizomwomba Akimbie

Nimekosa. Sitasema nilikuwa mdogo, maana nilikuwa na miaka kumi na tisa na akili zangu timamu. Msichana mmoja alifukuzwa chuo cha ualimu kwa jambo nililomwomba mimi mwenyewe alifanye, nikimlilia, nikimshika mikono. Alipoulizwa hakunitaja. Nilipoulizwa mimi, nilimzika mzima mzima!

Jina langu nilifiche. Ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kibondo, na wazazi wa watoto ninaowafundisha wanasoma gazeti hili. Yeye nitamwita Spesioza, ingawa silo jina lake.

Chuo chetu kilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya Kasulu. Ni miaka michache kabla watu hawajahamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilitoka Muyama, mtoto wa kwanza wa mama mjane. Siku barua ya chuo ilipofika, mama aliibeba mpaka kanisani akampa katekista aisome mbele ya watu wote. Niliona haya, lakini jamani, nilifurahi!

Masomo ya darasani hayakunisumbua. Lililonishinda ni somo la michezo na riadha. Bila kulifaulu hupewi cheti cha ualimu, hata kama hesabu unazijua kama sala ya asubuhi. Kulikuwa na kuruka, kutupa tufe, kuongoza mchakamchaka, na mwisho kabisa mbio za mita mia nane. Mizunguko miwili ya uwanja, na sisi wasichana tulitakiwa kumaliza chini ya dakika nne.

Mwaka wa kwanza, wiki ya kupimwa ilinikuta nina siku mbili tu tangu nitoke wodini kwa malaria. Nililazwa nikiwa likizo fupi nyumbani, kwa hiyo pale chuoni hakuna aliyejua. Sikumwambia mtu. Mkufunzi wetu wa michezo alikuwa mkali, na niliogopa ataniita mvivu mbele ya wenzangu. Mzunguko wa pili uwanja ukaanza kuzunguka wenyewe. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye nyasi, wananimwagia maji usoni.

Nikafeli.

Kanuni zilikuwa zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi. Nilizisoma. Aliyefeli somo la michezo na riadha atalirudia mara moja tu, mwaka unaofuata, pamoja na wanachuo wapya. Akifeli marudio ataondoka chuoni. Nilisoma maneno hayo mara tatu, nikageuka, nikaenda zangu. Karatasi zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine, zimeshikwa na pini moja. Ile ya chini sikuifunua. Sikuifunua, ndugu zangu!

Basi mwaka wa pili, wenzangu walipokuwa wakienda maktaba, mimi nilivaa kaptula nikapanga mstari na wanachuo wapya. Waliniita Marudio. "Shikamoo, dada Marudio!" Wanacheka. Nacheka nao, nikifika bwenini nalia.

Aliyenituliza ni Spesioza. Kitanda chake kilikuwa kando ya changu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, wakapewa shamba Makere, akasomea hapo hapo mpaka akaingia chuo. Alikuwa mrefu, mkimya, na mwaka wa kwanza aliwaacha wasichana wote wa chuo nyuma. Ukimwona anakimbia unadhani hachoki wala hakanyagi chini.

Kila alfajiri kabla ya kengele aliniamsha. "Amka, mwenzangu. Leo tunapunguza sekunde tano." Ukungu wa Kasulu unauma pua, nyasi zimelowa, yeye yuko mbele na saa ya mkononi tuliyoazima kwa matroni, anahesabu kwa sauti. Nilianza na dakika tano. Nikafika nne na nusu. Wiki mbili kabla ya kupimwa nikafika nne na sekunde sita. Hapo nikakwama. Siku tatu mfululizo, nne na sita!

"Sekunde sita si kitu," Spesioza alisema. "Siku yenyewe utazipata."

Mimi sikuamini. Nilikuwa nimeshajiona nateremka kile kilima na sanduku kichwani, mama anasubiri mlangoni.

Halafu tukasikia kwamba marudio hayapimwi na mkufunzi wetu. Anakuja mkaguzi kutoka Kigoma, mtu asiyemjua yeyote kwa sura. Yeye anachofuata ni namba iliyoandikwa kwenye kitambaa cha marekani unachobana kifuani kwa pini. Na siku hiyo mkufunzi wetu angekuwa Kibondo na timu ya mpira ya wavulana. Warudiaji tulikuwa watatu: mimi, na wavulana wawili ambao wangepimwa kwanza. Wengine wote wangekuwa shamba la chuo wakipalilia maharage. Kuruka na tufe nilishavifaulu. Zilibaki mbio tu.

Wazo lile lilinijia nikiwa kanisani, Mungu anisamehe. Nilimwambia Spesioza tukiwa tunafua mtoni.

"Oya," alisema. Kwa Kiha chetu na kwa lugha ya kwao neno ni hilo hilo: hapana. Akaendelea kusugua shuka.

"Mizunguko miwili tu. Kwako wewe ni mchezo."

"Oya, mwenzangu. Wakijua je?"

"Nani atajua? Mkaguzi hakujui."

"Na wewe je? Na mimi? Sisi hatutajua?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia mama yangu atakufa kwa aibu. Nikamwambia yeye ndiye dada yangu, sina mwingine. Nikamshika mikono ikiwa na povu la sabuni, nikakataa kuiachia.

"Nitakimbia," alisema mwishowe. "Lakini nisikilize. Wakituuliza, hatusemi uongo. Tutasema wote wawili, hapo hapo. Niahidi."

Nikaahidi. Niliapa kwa jina la mama yangu!

Siku ikafika. Asubuhi nilimwambia matroni kichwa kinanigonga, nikalala bwenini ili nisionekane nikizurura. Spesioza alikuwa na zamu ya jikoni. Saa nane mchana alitoka kwa mlango wa nyuma, akabana namba yangu kifuani, kumi na saba, akashuka uwanjani. Dirishani kwetu uwanja ulionekana wote.

Nilikuwa nimemwagiza: nenda polepole, dakika tatu na nusu inatosha, usije ukajionyesha.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza alijizuia. Nilimwona anajivuta, anarudisha mabega nyuma. Alipoingia mzunguko wa pili sijui kilimpata nini. Akaachia! Kichwa juu, mikono inakata upepo. Mimi dirishani nasema, "Taratibu! Taratibu wee!" kana kwamba atanisikia.

Alipomaliza, mkaguzi akatazama saa yake ya kupimia. Akaitikisa. Akaiweka sikioni. Akamtazama Spesioza, akatazama daftari, akacheka peke yake. Halafu, mawe, mama wee! Akamtuma dereva wake mbio ofisini.

Baadaye nilijua alichosema. "Kamwite mkuu wa chuo aje aone. Msichana kama huyu walimfelishaje? Huyu ni wa timu ya mkoa!"

Nilimwona mkuu wa chuo akishuka ngazi, anatembea haraka, anatabasamu tangu mbali. Spesioza alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni, anahema. Angeweza kutoroka. Hakutoroka. Mkuu alipomfikia, tabasamu likamtoka. Alimjua. Nani pale chuoni hakumjua Spesioza! Akainama akaisoma ile namba.

Kisha wote watatu wakageuka, wakatazama bwenini.

Ofisini tulisimama mbele ya meza, mimi na yeye, mabega yanagusana. Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha pembeni. Matroni alisimama mlangoni. Mkuu wetu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliweka kile kitambaa mezani, akakinyoosha kwa kidole.

"Hii ni namba ya nani?"

"Yangu, Ndugu Mkuu."

"Imefikaje kwenye kifua cha mwenzako?"

Spesioza akanigeukia. Usoni hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa ananingoja. Namba ni yangu, mimi ndiye wa kuanza, na yeye angefuata.

Nilifungua mdomo. Nawaambieni kweli, nilitaka kusema! Lakini nilimwona mama amesimama kanisani na ile barua, na sauti iliyotoka haikuwa ile niliyoikusudia.

"Sijui, Ndugu Mkuu. Nilikuwa naumwa. Namba niliiacha juu ya kitanda."

"Ni kweli alikuwa anaumwa," matroni akadakia. "Aliniambia tangu asubuhi."

"Spesioza?" mkuu akaita.

"Nilikimbia mimi," akasema. Basi. Bado ananitazama. "Mwenzangu, sema."

"Aseme nini?" mkuu akauliza.

Hapa ndipo nilipofanya jambo linaloniamsha mpaka leo. Kunyamaza tu kungetosha kummaliza, lakini mimi nikaongeza! Nikasema, "Huwa anasema anataka mkaguzi wa mkoa amwone. Anasema yeye ni mkimbizi, hawezi kuchaguliwa mpaka atafute njia."

Hakuwahi kusema maneno hayo. Hata siku moja! Niliyatunga pale pale, nimesimama. Nikamwona mkaguzi akitikisa kichwa polepole, kama mtu ambaye sasa ameelewa kila kitu. Spesioza akaacha kunitazama. Mle ofisini hakusema tena.

Mkuu akatoa kanuni kwenye faili. "Anayekimbia kwa namba ya mwingine anapoteza somo, na hana nafasi ya kulirudia. Bila somo hili hakuna cheti. Utaondoka kesho asubuhi, na barua ya baba yako utapewa."

Kisha akanigeukia mimi. Kwa upole, jamani, kwa upole! "Na wewe, riadha ikifika lazima uugue? Mwaka jana ulikuwa na nini?"

"Malaria, Ndugu Mkuu. Nililazwa."

"Una karatasi ya hospitali?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa sandukuni, katikati ya Biblia.

Akafunua ukurasa wa pili wa zile kanuni, ule ambao sikuufunua ubaoni, akanisomea huku akifuata mstari kwa kidole. Aliyeshindwa kwa ugonjwa, mwenye karatasi ya hospitali, hahesabiwi kuwa amefeli. Atapimwa upya akipona. "Hukupaswa kulirudia somo hili, binti. Ungeniletea karatasi tu. Kwa hiyo hata leo hujapoteza nafasi yako ya marudio."

Mwaka mzima wa kuitwa Marudio, machozi ya kule mtoni, na sasa hili, vyote bure! Na Spesioza yuko kando yangu, anasikia kila neno.

Hata pale ningeweza kusema. Mlango ulikuwa bado haujafunguliwa, kitambaa bado kiko mezani. Nikawaza, nikisema sasa tutaondoka wawili. Nikanyamaza.

Jioni alikuwa anakunja blanketi lake.

"Ulisema tutasema wote," akaniambia.

"Kesho nitakwenda kwa mkuu. Nitamweleza yote."

"Kesho nitakuwa Makere."

Hakunitukana. Heri angenitukana! Asubuhi alijitwika sanduku akateremka kuelekea barabarani. Nilikuwa darasani, nasikia wenzangu wananong'ona, "Yule pale, yule pale." Sikugeuza shingo.

Wiki iliyofuata nikapimwa. Nilikimbia dakika tatu na sekunde hamsini na mbili. Nilifaulu mwenyewe, kwa miguu yangu, miguu aliyoifundisha yeye kila alfajiri! Nilianguka kwenye nyasi nikalia, wakufunzi wakanipigia makofi. Walidhani ni furaha.

Nikapata cheti. Nikapangiwa kazi Kibondo. Watu wakaniita mwalimu, mama akachinja kuku. Na kila kipindi cha michezo, mtoto wa mbio akitoka mbele ya wenzake, mimi nageuka nikijifanya naandika kitu.

Mwaka wa tatu wa kazi nilishindwa kuvumilia. Shule zilipofungwa nilidandia lori la kwenda Kasulu, nikashukia Makere. Watu walikuwa wameshahamia kijijini, nyumba zimepangwa kwa mistari. Nikaelekezwa kwa baba yake.

Nilimkuta mzee amekaa nje anapepeta maharage. Nikamwamkia kwa Kiha, nikapiga goti. Akafurahi, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia nilisoma na binti yake. Nikamtajia jina langu.

Ungo ukamponyoka. Mzee yule akasimama, mtu wa umri wa babu yangu, akavua kofia!

"Wewe ndiye mwenye namba," alisema. "Mwanangu, utusamehe. Hatukumlea hivyo. Tulipokewa vizuri katika nchi hii, tukapewa na shamba, halafu mtoto wetu akaiba kitu cha mwenyeji. Nimeomba siku nyingi nikuone, nikwambie mwenyewe."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Yameisha, baba." Yameisha! Nilipokea msamaha aliouomba, nikapokea na kikombe cha uji.

Nilipoinua macho, Spesioza alikuwa amesimama pembeni ya nyumba na mzigo wa mihogo kichwani. Alikuwa ameyasikia yote. Akautua mzigo taratibu. "Karibu, mwalimu," akasema.

Alinisindikiza barabarani. Nikaanza kulia, akanikatiza.

"Siku niliyorudi nilimweleza baba kila kitu. Alinichapa. Alisema nazidisha dhambi kwa kumsingizia mwenyeji. Sasa mimi usinililie, sitaki machozi yako. Kama unataka kusema, mwambie yeye. Mimi najua tayari."

"Nitarudi likizo ijayo," nikasema. "Nitakaa naye chini, nitamwambia yote."

"Baba amezeeka," akasema. Lori likaja, nikapanda.

Likizo iliyofuata mvua ziliharibu barabara. Ya pili nilikuwa na mtoto mchanga. Ya tatu sikuwa na sababu yoyote. Niliogopa tu! Niliandika barua, nikaichana. Nikaandika nyingine, nikaichana.

Miezi miwili iliyopita mwalimu mwenzangu alirudi kutoka Makere, akataja msiba alioupitia huko. Nikamuuliza marehemu ni nani. Akataja jina la baba yake Spesioza.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaondoka. Nilimkuta Spesioza ndani ya kanisa, mbele ya darasa la elimu ya watu wazima, anawafundisha akina mama na wazee kuandika majina yao. Amefanya kazi hiyo tangu mwaka ule aliofukuzwa, bila cheti. Nilingoja nje mpaka wakatawanyika.

"Nimekuja kusema," nikamwambia.

"Umwambie nani?"

Akakaa kwenye ngazi ya kanisa, akaanza kufuta vumbi la chaki mikononi.

"Baba alikuwa anasali kwa sauti," alisema. "Kila jioni alikutaja. Anaomba Mungu akubariki wewe, na mimi anisamehe wizi. Siku ile ya mwisho alinishika mkono akaniambia, 'Mwanangu, mimi nimekusamehe ile namba.' Nikamwambia, asante, baba."

Hapo akalia. Kote kule, ofisini, bwenini, barabarani, sikuwahi kumwona akilia. Nilitaka kumshika, akanyanyua mkono kunizuia.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu katika kanisa lile nikasema yote, kama nilivyoyaandika hapa. Hakuna aliyenizomea. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliniuliza tu, "Mbona hukuja mzee akiwa hai?"

Nimekwenda chuoni pia. Mkuu wa sasa ni mwingine. Aliandika maelezo yangu, nikatia sahihi. Aliniambia kanuni hairuhusu aliyeondolewa kwa udanganyifu kulirudia somo, lakini kwa kuwa udanganyifu ulianzia kwangu, atalipeleka jambo hili juu, na cheti changu kinaweza kufutwa. Kifutwe! Nilipompelekea Spesioza habari hiyo alisema, "Haya," akarudi kwa wanafunzi wake. Hatujawa marafiki tena. Sijui kama tutakuwa.

Wewe unayesoma, labda yupo mtu aliyebeba kosa lako. Na labda huyo mtu ana mama au baba anayeamini uongo ulioutunga wewe, anamwangalia mtoto wake kwa jicho la aibu kila asubuhi. Usimwandikie barua. Usingoje likizo, usingoje barabara ikauke. Nenda kwa mzee huyo leo, angali anaweza kukukasirikia.